Hitilafu za Usukani Katika Historia ya Ndege za Mfano

Historia ya ndege za mfano zinazoongozwa kwa redio huelezwa zaidi kwa majina ya mabingwa, ilhali anayetaka kuielewa sawasawa hana budi kuzifuata hitilafu zake, kwa kuwa kila kizazi cha vifaa kiliponya ugonjwa mmoja na kuleta mwingine.

Ndugu pacha Walter na William Good wa Kalamazoo, Marekani, walipoirusha ndege yao iitwayo Guff mwaka 1937, ambayo baadaye ilihifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, redio ilikuwa bado haina nguvu ya kuusukuma usukani wa mkia. Katika ndege nyingi za kizazi hicho na cha baada ya Vita Vikuu vya Pili, kazi hiyo ilifanywa na mpira uliosokotwa ndani ya kiwiliwili, ukizuiwa na kidole cha chuma ambacho sumaku ya umeme ilikivuta kando kila ishara ilipofika. Ishara ya kwanza iligeuza usukani kulia, kuikatiza kukaurudisha katikati, na iliyofuata ikaugeuza kushoto. Hivyo ishara moja ikipotea, mpangilio wote ulipinduka, na rubani aliyetaka kulia akapata kushoto. Mpira ulipokwisha kujisokotoa, usukani ulikwama pale pale ulipokuwa. Tena mtetemo wa injini uliweza kuchezesha rilei, yaani swichi ndogo inayofungwa kwa sumaku, hata usukani ukageuka bila kuamriwa, na ndiyo maana wazoefu waliijaribu redio injini ikiwa inanguruma chini, msaidizi akiushika mkia na kuutazama.

Katika miaka ya 1950 ulienea mfumo wa vijiti vyembamba vya chuma, ambapo kila kijiti kilitetema kwa sauti yake maalumu na kugusa ncha ya umeme, lakini uchafu kidogo tu kwenye ncha hiyo ulitosha kukata amri.

Mageuzi makubwa yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1960, Doug Spreng na Don Mathes walipokuwa miongoni mwa waliobuni mfumo wa kidijitali ambamo usukani hufuata mkono wa rubani kwa kadiri ileile. Sevo, yaani mota ndogo yenye gia na kipimo cha mahali ilipofikia, husoma mpigo wa umeme wa takriban milisekunde 1 hadi 2, na mpigo wa 1.5 humaanisha katikati. Hapa hitilafu ilihamia ndani ya kipimo hicho: njia yake ya kaboni hulika zaidi pale katikati, ambako sevo hukaa muda mrefu zaidi, ndipo usukani huanza kutetemeka ndege ikiwa katika safari iliyonyooka.

Ajali za marubani wawili kutumia masafa mamoja ya mawimbi zilizuiwa kwa ubao wa vibanio uwanjani, uliomwonyesha kila rubani masafa yaliyokuwa yakitumika, na zikapungua sana mitambo ya gigahezi 2.4 ilipoenea katika miaka ya 2000. Hata hivyo, hakuna mtambo wowote kati ya hiyo unaoweza kumzuia mtu kuunganisha sevo kinyume, na kwa sababu hiyo kila rubani anapaswa kusimama nyuma ya mkia, kusogeza kila usukani na kuhakikisha unaelekea upande aliouamuru, kabla ndege haijaondoka ardhini.