Umeme ukipotea, mlango wa mota hufunguliwa vipi?

KUPOTEA kwa umeme si jambo geni kwa Wakenya. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru na kuitia nchi gizani (mwenyewe alinusurika). Mwaka wa 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikosa umeme kwa wakati mmoja mara tatu, yaani Agosti, Novemba na Desemba. Kilichobadilika ni milango. Katika afisi, hoteli na nyumba za kupangisha mijini, kitasa cha ufunguo kinazidi kuliachia nafasi kufuli linaloendeshwa kwa mota, na wengi wanaolitumia kila siku hawajajiuliza litafanya nini stima zikipotea.

Jibu hutegemea aina ya kufuli. Lile la sumaku huhitaji umeme kila wakati ili kuushikilia mlango. Mkondo ukikatika, sumaku huachilia papo hapo. Kufuli la mota halina tabia hiyo. Ndani yake mna mota ndogo, aghalabu ya volti 12 au 24, ambayo huzungusha gia au parafujo ya kusukuma komeo hadi kwenye tundu la fremu. Umeme ukikatika, komeo hubaki pale lilipokuwa: lililofungwa hubaki limefungwa, na lililofika katikati hukwama katikati. Kulisukuma kwa bega hakufai kitu, kwa kuwa parafujo huweza kulisukuma komeo lakini komeo haliwezi kuizungusha parafujo. Baadhi ya makufuli huwekewa springi au betri ya kulirudisha komeo pindi umeme unapopotea. Mnunuzi hana budi kuuliza kabla ya kulipa, kwani kwa macho yote hufanana.

Kwa sababu hiyo, upande wa ndani ndio wenye uzito. Mlango wa kutokea wapaswa kuwa na mkono unaolivuta komeo kwa nguvu za mtu mwenyewe, bila kadi, nambari ya siri wala ufunguo. Kitufe cha kutokea kilichounganishwa kwa waya hakitoshi, maana nacho chategemea umeme ule ule, na moto huweza kuunguza nyaya kabla watu hawajaamka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka milango ya mahali pa kazi iweze kufunguliwa kwa urahisi kutoka ndani wakati kuna watu. Katika shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 waliangamia Machi 2001 katika bweni ambalo mmoja wa milango yake miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Lile lilikuwa kufuli la kawaida. Lenye mota lisilo na mkono wa ndani lina hatari ile ile, ila tu bei yake ni ghali zaidi.

Betri ya akiba husaidia, mradi iwe hai. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma takriban volti 12.7 ikiwa imetulia. Ikisoma chini ya 12, karibu imekwisha. Aghalabu hudumu miaka mitatu hadi mitano, na joto kama la Mombasa huipunguzia umri. Kosa linalotendeka mara kwa mara ni kuunganisha betri na kufuli pekee, huku kisoma kadi na kidhibiti vikiachwa kwenye umeme wa kawaida. Basi nguvu ipo, lakini hakuna wa kuiamuru mota. Kosa hilo hubainika mara moja mtu akizima swichi kuu mchana, mlango ukiwa wazi, kisha akajaribu kulitoa na kulirudisha komeo.

Makufuli ya nyumbani yanayotumia betri ndogo kama za rimoti hayajali umeme wa nje, lakini betri zake nazo huisha. Mengi yana vituo viwili vya chuma upande wa nje ambapo betri ya mraba ya volti 9 hugusishwa ili nambari ya siri ifanye kazi. Ufunguo wa dharura nao usiwekwe ndani ya chumba kinachofungwa na kufuli hilo hilo, jambo ambalo hutokea zaidi ya inavyodhaniwa.

Anayelazimika kufungua kwa mkono azime kwanza swichi ya kufuli, kwani umeme ukirudi ghafla mota huweza kuzunguka vidole vikiwa karibu na komeo. Asipige nyundo, wala asiunganishe betri ya gari kwa kubahatisha: nyaya zikibadilishana pande, kidhibiti huweza kuungua. Kwa lango la mota lililo kwenye mteremko, kifungio cha mota kisilegezwe kabla ya mtu kulishikilia lango, kwa maana likiachiliwa huteremka lenyewe kwa uzito wake wote. Umeme ukirejea, kifungio hicho hukazwa kwanza, lango likiwa limesimama, ndipo swichi iwashwe.