Katikiro na Katibu Wake, 1902

Miaka mingi kabla ya bomba la mafuta kutoka Mombasa kuupa mtaa wa Pipeline jina lake, aliyevuka tambarare hizi za mashariki ya Nairobi alipanda gari moshi. Mwaka 1902 alipita Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, akienda London kwenye kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Mfalme wa Buganda mwenyewe, Kabaka Daudi Chwa, alikuwa bado mtoto.

Aliyefuatana naye ni katibu wake, Ham Mukasa, mwenye kuchechemea kwa jeraha la risasi la vita vya dini vya Buganda. Wote wawili walikuwa wametumikia ikulu ya Kabaka tangu ujanani; adabu za kwa mfalme hawakuhitaji kufunzwa na Mwingereza.

Sherehe ilipangwa Juni 26. Mfalme Edward akaugua tumbo, akapasuliwa, sherehe ikaahirishwa hadi Agosti 9. Bila shaka Mukasa ndiye aliyeifaidi safari zaidi: aliiandika kwa Kiganda, na mmisionari Ernest Millar, aliyesafiri nao, akaitafsiri kwa Kiingereza. Kitabu kilitoka London mwaka 1904, jina lake likimtaja Katikiro.

Kagwa alijiuzulu mwaka 1926, akafia hapa Nairobi mwaka uliofuata. Mukasa aliishi hadi 1956.