Maumivu ya Kifua na Huduma ya Moyo Kigali

Mwaka 1768 daktari Mwingereza William Heberden alieleza maumivu ya kifua yanayomshika mtu anapotembea, hasa akipanda mlima, na kumwachia punde anaposimama. Hali hiyo, iitwayo anjina, hutokea misuli ya moyo inapokosa damu ya kutosha kwa sababu mishipa yake imesinyaa, na katika Kigali, mji wa vilima ulioanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, kila mpando waweza kuifichua.

Huduma ya moyo ilijengwa mjini humo hatua kwa hatua. Hospitali ya King Faisal ilifunguliwa mwaka 1991, na kuanzia miaka ya 2000 ilipokea timu za kigeni za upasuaji wa moyo, zilizowashughulikia zaidi wagonjwa ambao vali zao, yaani milango ya moyo, ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Tangu 2016, siku zisizo na magari zimewapa wakazi nafasi ya kufanya mazoezi na kupimwa shinikizo la damu na sukari, ambavyo ni vyanzo vikubwa vya anjina.

Hata hivyo, huduma hizo humfaa anayefika mapema. Maumivu yanayokuja kwa kazi na kutulia kwa mapumziko yapelekwe kwa daktari bila kuchelewa. Yasiyotulia baada ya dakika chache, au yanayoandamana na jasho, kukosa pumzi, ama kusambaa mkononi na tayani, ni dharura, na nchini Rwanda gari la wagonjwa huitwa kwa namba 912.