Gurudumu la Nyuma

Macho ya watu hupenda kutazama mbele. Mtu akiiona pikipiki husifu taa yake, usukani wake na rangi ya tangi lake. Lakini gurudumu la nyuma, ambalo hubeba sehemu kubwa ya mzigo na kukisukuma chombo chote, husahauliwa mpaka siku linapopasuka. Insha hii yahusu kiungo hicho kilichosahauliwa. Yaeleza jinsi kilivyopata kazi yake duniani, jinsi kilivyofika katika nchi ya Migori na Homa Bay, na kwa nini mtu akikibadilisha pasipo kufikiri huwa ameibadilisha pikipiki nzima.

Zamani mizigo ya nchi iliyo kati ya ziwa na mpaka wa Tanzania ilikwenda kwa vichwa vya watu, kwa migongo ya punda na kwa mitumbwi. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na baadaye meli za ziwani zikawa zikichukua watu na bidhaa mpaka Homa Bay. Lakini reli haikugeuka kwenda kusini. Aliyeshuka gatini alifuata njia ya miguu. Hata vita vilipoingia nchi hizi, na Waingereza na Wajerumani wakapigana Kisii mwezi wa Septemba 1914, mizigo ya majeshi ya Afrika Mashariki ilibebwa zaidi na wapagazi, na wengi wao walikufa kwa maradhi na uchovu. Ndiyo gharama ya nchi isiyo na gurudumu: kinachokosa kubebwa na chombo hubebwa na shingo ya binadamu.

Huko Ulaya gurudumu lilikuwa limekwisha anza safari nyingine. Katika miaka ya 1870 baiskeli ilikuwa na gurudumu kubwa mno la mbele, na mpandaji alilikanyaga moja kwa moja. Kazi yote ilikuwa ya mbele. La nyuma lilikuwa dogo, likifuata tu kama mtoto amfuatavyo mama yake. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana, na nguvu ya miguu ikapelekwa nyuma kwa mnyororo. Tangu hapo kazi ziligawanywa: la mbele likawa kiongozi, la nyuma likawa mfanyakazi. Mwaka huohuo Wajerumani Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitia injini ya petroli katika chombo cha mbao, nacho huhesabiwa na wengi kuwa babu wa pikipiki.

Magurudumu ya chombo hicho yalikuwa ya mbao, nayo yalimtikisa mpandaji mpaka mifupani. Dawa ilikuwa hewa. Robert William Thomson alikuwa amepata hataza ya mpira wa hewa tangu mwaka 1845, lakini dunia haikuwa tayari kumsikiliza. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hataza yake baada ya kuyavika mipira ya hewa magurudumu ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Safari hii dunia ilisikiliza, na tamaa ya mpira ikapanda. Tusisahau kwamba faraja hiyo ililipiwa na wengine: katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, kati ya 1885 na 1908, watu walilazimishwa kwa mijeledi na kwa bunduki kukusanya utomvu wa mipira msituni.

Pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ili iuzwe ilitoka Munich mwaka 1894, kazi ya Hildebrand na Wolfmüller. Injini yake haikuwa na mnyororo wala gia. Vyuma vyake vilishikamana moja kwa moja na gurudumu la nyuma. Kwa hiyo gurudumu hilo lilifanywa dogo kuliko la mbele, ili lilingane na mwendo wa injini. Hapo ndipo tunapoona mapema kanuni ambayo haijafutika hata leo: ukubwa wa gurudumu la nyuma si jambo la urembo, bali ni sehemu ya hesabu ya mashine.

Katika nchi zetu, magurudumu mawili yalipata jina lake mpakani. Katika miaka ya 1960, huko Busia, vijana wenye baiskeli waliwabeba abiria kutoka kituo cha mpaka cha Kenya mpaka cha Uganda, wakinadi, "Boda! Boda!" Jina likaenea pamoja na kazi. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na baiskeli zikaanza kuwapisha wenzao wenye injini. Kaunti za Migori na Homa Bay zilipozaliwa mwaka 2013, bodaboda ilikuwa imekwisha kuwa miguu ya wananchi.

Nchi hiyo huijaribu pikipiki kwa kila namna. Lami ya barabara kuu hutoka Kisii, ikapita Rongo, Awendo na mji wa Migori mpaka Isebania mpakani. Ukiiacha lami waingia barabara za changarawe katikati ya mashamba ya miwa. Na ukishuka katika bonde la Lambwe wakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka na wakati wa mvua hunata kama ulimbo. Asubuhi pikipiki hubeba magunia ya omena, adhuhuri hubeba abiria, jioni hurudi tupu. Si ajabu mwenye chombo akitamani gurudumu la nyuma lililo kubwa na lenye nguvu zaidi. Na tuone linamfanyia nini.

Chukua mfano wa tairi lenye unene wa inchi 3 juu ya rimu ya inchi 17. Kimo chake chote ni karibu inchi 23, na kila likizunguka mara moja hula njia ya sentimita 183 hivi. Likiwekwa badala yake la inchi 3 juu ya rimu ya inchi 18, kimo huwa inchi 24, na mzunguko mmoja huwa sentimita 191 hivi. Tofauti ni sentimita 8 tu, lakini injini huisikia. Ni kana kwamba gia zote zimefanywa nzito kwa sehemu 4 katika 100: penye tambarare mwendo huongezeka kwa mlio uleule wa injini, na penye mlima nguvu hupungua. Breki nayo hubaki ileile huku gurudumu limekua, hivyo hudai mguu wenye nguvu zaidi.

Jambo la pili ni kimo cha nyuma. Kiti huinuka kwa nusu inchi, na pikipiki nzima huinamia mbele. Uma wa mbele, uliokuwa umelala kidogo, husimama zaidi. Sasa, gurudumu la mbele hunyooka lenyewe kwa sababu hugusa ardhi nyuma kidogo ya pale ambapo mstari wa mhimili wa usukani ungeigusa. Huvutwa kama kigurudumu cha kiti cha ofisini kinavyofuata kiti. Uma ukisimama, nafasi hiyo hupungua. Usukani huwa mwepesi kugeuka, lakini pia mwepesi kuyumba.

Hapa pana mtego. Magunia yakiwekwa nyuma, shokomzoba hudidimia, nyuma hushuka, na usukani huwa mzito na mvivu. Gurudumu kubwa hurudisha kimo kilichopotea, na mwendeshaji husema amepata dawa. Lakini jioni, mzigo ukiisha kushushwa, nyuma hupanda kupita kipimo, na chombo kilichokuwa kitulivu asubuhi huyumba mikononi mwa mtu yuleyule. Gurudumu lililochaguliwa kwa ajili ya safari ya kwenda laweza kumwangusha katika safari ya kurudi.

Upana nao una hukumu yake. Pikipiki hukata kona kwa kulala, na tairi pana hudai ilale zaidi kwa kona ileile. Tairi pana likikazwa juu ya rimu nyembamba hubanwa kingo zake na kupoteza umbo lake. Katika udongo mweusi, nafasi kati ya tairi na madigadi hupungua, tope hujaa, na gurudumu hukwama. Vivyo hivyo meno makubwa yashikayo tope huteleza na kutetemeka juu ya lami yenye maji. Hakuna tairi lililo bwana wa njia zote.

Yafaa pia tumtendee haki fundi. Mara nyingi mwendeshaji hulaumu tairi jipya kwa kuifanya pikipiki ianguke upesi katika kona, kumbe la zamani lilikuwa limelika katikati mpaka likawa bapa, na mikono yake ilikuwa imezoea ubovu. Au gurudumu limerudishwa upande, mnyororo ukavutwa kulia kuliko kushoto, na pikipiki ikatembea kama kaa. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, apime kwamba magurudumu mawili yamo katika mstari mmoja, spoki zimekazwa sawa, mkono wa kushikilia breki umefungwa barabara, na hewa ni ya kipimo. Kisha aende polepole kilomita za kwanza, kwa maana ngozi ya tairi jipya huteleza.

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Starley aliligawia kila gurudumu kazi yake, lakini hakulipa hata moja uhuru wa kwenda peke yake. Anayenunua gurudumu la nyuma hana budi kuuliza habari za la mbele, za mnyororo, za breki, za njia na za mzigo, kwa sababu abiria anayepanda Rongo akielekea Homa Bay hakuulizwa lolote katika mabadiliko hayo, naye ameketi juu yake.