Kutoka kitabu cha mkoloni hadi karte ya kura: nani anatunza majina yetu?

Ukinunua laini ya simu kando ya barabara, muuzaji anaomba karte yako ya mpiga kura, anaipiga picha kwa simu yake, na kazi imeisha. Ni wachache wanaouliza picha ile inakwenda wapi. Historia yetu inatufundisha kuuliza.

Wakati wa Wabelgiji, Mkongo alitembea na kitabu cha kitambulisho, na kuhama eneo la chifu wake kulihitaji kibali. Kwa karatasi hizo utawala ulijua nani alipe kodi na nani apelekwe kazini. Mwaka 1948 ikaja karte ya "mérite civique", na mwaka 1952 "immatriculation", kwa wasomi walioitwa "évolués". Aliyeomba alikaguliwa hadi ndani ya nyumba: wakaguzi waliangalia vyumba, vyombo vya mezani, hata namna anavyoishi na mke wake. Mambo ya ndani ya familia yakawa faili ya ofisi.

Jirani zetu wa Rwanda waliona mabaya zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Wabelgiji hao hao waliandika kwenye vitambulisho: Hutu, Tutsi, Twa. Ilikuwa kazi ya utawala tu. Miaka sitini baadaye, mwaka 1994, neno lile lilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na watu wakauawa kwa sababu yake. Taarifa huishi kuliko nia ya aliyeiandika.

Kwetu, sensa ya mwisho ya watu ilifanyika mwaka 1984. Mwaka 2005 tume ya uchaguzi iliandikisha watu zaidi ya milioni 25, kwa picha na alama za vidole. Lengo lilikuwa kura. Lakini kwa kuwa kitambulisho cha taifa hakikuwepo, karte ile ikawa ya kila kitu: benki, safari, laini ya simu. Kwa uchaguzi wa 2023 walioandikishwa walizidi milioni 43. Kati ya hapo, mwaka 2020, ikaja RAM, daftari la simu za mkononi. Tuliambiwa ni la kupambana na simu za wizi na za bandia. Tulichokiona ni yuniti zetu kukatwa. Watu walilalamika hadi makato yakasimamishwa mwaka 2022.

Karani wa zamani alifungua faili moja moja. Leo mashine inaweza kuunganisha karte, namba ya simu na mahali ulipo kwa dakika chache. Mwaka 2013 Edward Snowden alifichua kwamba shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikusanya rekodi za simu za mamilioni ya raia: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Hata bila kusikiliza maneno, rekodi hizo zinaonyesha daktari wako, rafiki zako na chama chako. Mwaka 2015 bunge lao lilipiga marufuku ukusanyaji huo wa jumla. Nchi yenye mahakama imara ilihitaji mtoa siri ili raia wajue.

Wengine watasema: huku kwetu kuna vita, lazima serikali ijue nani ni nani. Ni kweli. Lakini sisi wa mashariki tunajua pia kwamba ofisi hubadilisha mwenyewe. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwaka 2012, ikaanguka tena Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata. Afisa anaweza kukimbia na familia yake. Daftari linaweza kubaki mezani, likimsubiri anayeingia.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006 kinalinda maisha ya faragha na siri ya mawasiliano. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inataka kuwe na mamlaka ya kulinda taarifa za watu. Hiyo ndiyo ya kuwadai wabunge wetu: mamlaka yenye nguvu ya kukagua hata serikali yenyewe, na kufuta kisichohitajika tena.

Na wewe, ndugu msomaji, kabla ya kutoa karte yako kesho, uliza: picha hii inakwenda wapi, na itafutwa lini?