Parklands: fleti zinapanda, ua wa shule uko pale pale

1/ Kila kampeni ikifika, mjadala wa shule za umma ni ule ule. Huyu: "jengeni madarasa!" Yule: "pesa hakuna." Hebu kwanza tupitie historia, tukiwa Parklands, tuone wote wawili wanasahau nini.

2/ Ukoloni ulipanga shule kwa rangi: Wazungu zao, Wahindi zao, Waafrika zao. Parklands ikawa kwa sehemu kubwa mtaa wa Wahindi. Ploti kubwa, bangalo moja, familia moja.

3/ Sensa ya 1969: Nairobi watu 509,286. Sensa ya 2019: watu 4,397,073. Zaidi ya mara 8! Bangalo zikabomolewa, na palipolala familia moja sasa pamesimama fleti nzima.

4/ Shule nazo zikaongezewa mzigo. Kabla ya 1985 shule ya msingi ilikuwa na madarasa 7. 8-4-4 ikaleta la 8. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure, na wanafunzi nchini wakapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Kisha 2023 Gredi ya 7 ikabakishwa shule ya msingi, na 2025 ikafika Gredi ya 9. Kutoka 7 hadi 9, na ua haujasogea.

5/ Sasa sikiza hapa. Zamani Baraza la Jiji ndilo lililoendesha shule za msingi za Nairobi, na ndilo lililoidhinisha ramani za majengo. Kalamu mbili, ofisi moja. Katiba ya 2010 ikazitenganisha: mipango ya ujenzi na chekechea ni za kaunti, msingi na sekondari ni za serikali kuu. Anayeruhusu fleti siye anayejenga darasa.

6/ Tusidanganyane lakini: msongamano wa 2003 ulitokea ofisi ikiwa bado moja. Kuwa pamoja hakutoshi kama hakuna anayehesabu watoto.

7/ Na kuhesabu si uchawi. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa sensa, 2019, alifika Gredi ya 1 mwaka wa 2025. Hiyo ni notisi ya miaka 6.

8/ Nani anaumia? Mwenye fleti akikosa nafasi, atalipa shule ya kibinafsi. Yaya wake, mlinzi wa geti, mama mboga wa Deep Sea: hao hawana pa kwenda.

9/ Kwa hivyo, anayesema pesa hakuna ana hoja, ardhi ya Parklands ni ghali mno. Anayesema jengeni pia ana hoja, maana hata shule inaweza kwenda ghorofa. Ila ukiahidiwa madarasa, uliza mawili: yatakaa kwenye ardhi ipi? Na fleti ile ilipopewa kibali, kuna mtu alihesabu watoto watakaolala humo?