Mlango Uliofungwa na Mlango Uliofunguliwa: Kazi za Wazee Wetu Baina ya Unguja na Oman

Kila kitabu chetu hiki kinapotayarishwa huletwa picha za harusi, majina ya waliozaliwa na ya waliotangulia mbele ya haki. Mambo hayo ni mema. Lakini vijana wetu wameanza kuniuliza suala jengine: sisi tulileta nini hapa Oman, na kwa nini wengine wanatuita Wazinjibari kama kwamba tumeshuka jana? Suala hili halifai kujibiwa kwa ghadhabu. Linataka tarehe na hesabu, nami nitaziweka hapa kwa ufupi.

Tuanze na njaa, maana hiyo ndiyo iliyowatoa wazee wengi. Oman ya ndani ni nchi ya mitende na mifereji ya falaji. Mvua ikikosekana miaka mitatu minne, falaji hukauka na shamba hufa. Basi kaskazi ikivuma watu walipanda majahazi wakashukia Lamu, Mombasa, Pemba na Unguja. Kusi ikiingia, wenye kurudi walirudi. Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, alihamishia makao yake Unguja na akahimiza kilimo cha karafuu. Hapana budi tuseme kweli yote: mikarafuu ile ilipandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa, na amri ya kufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba haikutoka mpaka 1897. Mwenye kuhesabu kazi za wageni na awahesabu pia wale walioletwa kwa nguvu.

Baada ya Sayyid Said wanawe waligombana. Mwaka 1861 Lord Canning, Gavana Mkuu wa Kiingereza kule India, alikata shauri: Unguja mbali na Maskati mbali, na Unguja iilipe Maskati riali 40,000 kila mwaka. Itizameni vizuri hesabu hiyo. Nchi waliyohamia watu imekuwa tajiri kuliko nchi waliyotoka, hata mtoto akawa ndiye anayemlisha mzazi. Zaidi ya fedha za serikali zilikuwapo za watu wenyewe. Katika majumba ya zamani ya Ibra na Mudhairib, ambayo leo watalii huyapiga picha, imo faida ya biashara ya Afrika Mashariki.

Lakini wazee wetu wengi hawakuwa na mashamba wala majumba. Walikuwa wenye viduka vya vijijini, wapishi wa halua, wauza kahawa na mahamali, watu waliokuja kwa msimu mmoja wakakaa miaka arubaini. Watoto wao wakaingia skuli, wakajifunza Kiingereza na hesabu, wakawa makarani, walimu na wauguzi. Elimu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa mali yetu kubwa, kwa sababu haihitaji sanduku.

Oman yenyewe wakati ule ilikuwa imefunga mlango. Katika enzi ya Sultan Said bin Taimur, kuanzia 1932 mpaka 1970, kutoka kulitaka ruhusa na kurudi kulitaka ruhusa, na aliyekwenda kusoma nje aliweza kukuta hana njia ya kurejea. Mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1967, lakini fedha peke yake haiandiki barua wala haitibu mgonjwa. Katika mwaka wa masomo 1969/70 nchi nzima ilikuwa na skuli tatu na wanafunzi 909, wote wavulana. Wakati huo huo maelfu ya Waomani walikuwa wakifanya kazi Kuwait, Bahrain na Saudia, wakijenga nchi za wenzao.

Mapinduzi ya Unguja ya tarehe 12 Januari 1964 yalitutawanya. Wengi waliuawa, wengi walikimbia. Sisi tulishukia Dubai, mimi mtoto wa miaka minane, na mali yetu ilikuwa sanduku moja na cherehani ya mama. Baba, aliyekuwa karani wa forodha, alishika daftari za duka la mtu, na mama alishona kanzu. Wengine walifika Kuwait, Cairo na Uingereza.

Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos alishika utawala, akaondoa makatazo mengi na kuwaita Waomani walioko nje warudi. Hapo ndipo mtu aliweza kuona kwa macho yake kazi ya sheria ya uhamiaji. Watu walikuwa wale wale na elimu ile ile. Kilichobadilika ni mlango. Kiarabu chetu kilikuwa cha kukwama, na tulichekwa masokoni. Lakini kampuni ya mafuta, mabenki, hospitali na wizara mpya zilitaka watu wanaojua Kiingereza na kazi ya ofisi, na watu hao walikuwa wamo miongoni mwetu. Dada zetu nao walisimama madarasani na katika wodi, wakati ambapo wanawake waliosoma walikuwa wachache mno nchini. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilipofunguliwa mwaka 1986, watoto wa makarani wale walikuwa tayari kuingia.

Na Unguja je? Faida yetu huku ilikuwa hasara kule. Walimu, madaktari na makarani walipoondoka, waliobaki walibebeshwa kazi za watu wawili watatu. Serikali inaweza kuugawa upya mkarafuu. Mwalimu aliyeondoka haugawiki ujuzi wake.

Nimalizie na jambo la nyumbani. Leo anayejenga nyumba zetu, anayezoa taka na anayepika hotelini ni Mbangali, Mhindi au Mpakistani. Mwaka 2014 mfanyakazi mgeni aliyeacha kazi bila idhini ya tajiri wake aliwekewa tena katazo la miaka miwili kabla ya kurudi kufanya kazi nchini. Tangu Januari 2021 aliyemaliza mkataba wake hahitaji tena barua ya idhini ili aende kwa tajiri mwengine. Huo ni mlango mmoja uliofunguliwa kidogo. Sisi ambao wazee wetu walihesabiwa wageni pande zote mbili za bahari tusiwe wa mwanzo kuubana. Mlipeni mtu ujira wake kwa wakati, na pasi yake akae nayo mwenyewe.

Kwa vijana: ulizeni kwenu nani alifanya kazi gani, wapi, mwaka gani, na mwandike. Pasi za zamani, vyeti vya skuli na barua za kuajiriwa zisitupwe. Zileteni zipigwe picha kwa kitabu cha mwakani, ziwekwe pamoja na picha za harusi.